Mtoto aliye mbele ya farasi wa malkia

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha historia sekondari hapa Tanga. Nikiandaa somo la tawala za kifalme za Ulaya, nilipakua picha ya Elizabeth, malkia wa Urusi, akiwa juu ya farasi. Kwa miguu, mbele ya farasi, yupo mtoto Mweusi. Wanafunzi hawakuuliza lolote kuhusu malkia. Darasa zima lilitaka kujua yule mtoto ni nani na amefikaje kule. Sikuwa na jibu. Halafu nina swali la pili: hizi picha za watawala wa Urusi, za rangi na za kuchapwa, zinafaa kufundishia jinsi nchi ilivyotawaliwa, au ni wachoraji kujipendekeza tu?

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Wanafunzi wako wameanzia pale ambapo hata mimi ningeanzia. Uso wa malkia ulichorwa ili utazamwe, na umeshatazamwa vya kutosha. Tuanze na mtoto.

Picha hiyo ilichorwa mwaka 1743 na Georg Christoph Grooth, Mjerumani aliyekuwa mchoraji wa ikulu St Petersburg. Leo iko Moscow, kwenye makumbusho ya Tretyakov. Elizabeth, binti wa Peter Mkuu, alikuwa hajamaliza hata miaka miwili kwenye kiti. Alikipata usiku mmoja wa Novemba 1741, akisindikizwa na askari wa kikosi cha walinzi cha Preobrazhensky, na aliyeondolewa alikuwa mtoto mchanga, Ivan wa Sita, aliyekwisha kutangazwa mtawala. Tazama sasa nguo aliyovaa kwenye picha: ni sare ya kijani ya kikosi kilekile. Angeweza kuchorwa na taji na gauni la dhahabu, na picha za namna hiyo zilikuwapo nyingi, lakini hapa anawaambia wakubwa wa ikulu ni nani waliomweka, wasije wakasahau.

Mtoto hakuandikwa jina. Warusi wa wakati ule walimwita "arap". (Waambie wanafunzi mapema kwamba hii haihusiani kabisa na "arap" ya majina ya Wakalenjin, yenye maana ya "mwana wa". Kwa Warusi neno lilitoka kwa Waturuki, likiwa na maana ya mtu Mweusi.) Wengi wa hao waliletwa kwa njia ya masoko ya utumwa ya Dola ya Osmani, hasa Constantinople. Mtoto Mweusi aliyevishwa mahameli na kilemba cha manyoya ilikuwa fasheni ya majumba ya kifalme kote Ulaya, na Urusi iliiga kama ilivyoiga wigi na soksi za hariri. Kazi yake kwenye picha ni kuonyesha mkono wa mtawala unafika wapi. Mchongaji Carlo Bartolomeo Rastrelli alifanya vivyo hivyo kwa shaba nyeusi alipomchonga Malkia Anna, aliyetawala Urusi kabla ya Ivan, kazi iliyokamilika mwaka 1741 baada ya Anna kufariki: Anna amesimama kama mnara, gauni lake zito kama dirii, na mvulana mdogo wa Kiafrika anamletea tufe la enzi. Mama mkubwa namna ile, na kando yake kitoto kisichofika hata kiunoni. Kipimo chenyewe kimeshasema kila kitu.

Mmoja wa watoto hao tunamjua. Abram Petrovich Gannibal alinunuliwa Constantinople mnamo 1704 akiwa mdogo, akapelekwa kwa Peter Mkuu, akabatizwa mwaka 1705, na Peter mwenyewe akawa baba yake wa ubatizo. Alipelekwa Ufaransa kusomea uhandisi wa kijeshi, akarudi, akahamishiwa Siberia enzi za fitina za ikulu, akarudishwa, na chini ya huyuhuyu Elizabeth wa kwenye picha yako akapanda hadi kuwa jenerali. Yeye mwenyewe aliandika kwamba alizaliwa mji wa Lagon. Wataalamu bado wanavutana kama hiyo ni upande wa Ethiopia na Eritrea au ni Logone, karibu na Ziwa Chad, Kamerun ya leo. Alifariki 1781. Kitukuu wake ni Aleksandr Pushkin, mshairi ambaye Warusi wanamhesabu kuwa baba wa fasihi yao.

Sasa angalia ajabu hii. Ipo picha ambayo kwa miaka mingi ilichapishwa vitabuni ikidaiwa kuwa ni ya Gannibal, lakini wataalamu wengi wameikataa. Kwa hiyo mtoto wa kwenye picha hana jina, na jenerali mwenye jina hana picha ambayo wote wanakubali kuwa ni yake. Wanafunzi wako wakikuuliza tena, wape jibu hilo kama lilivyo, usilitie sukari.

Nije kwenye swali la pili. Zinafaa, tena sana, ila usizisome kwa uso. Uso umelipiwa. Mimi hutazama pembeni, humuuliza aliyelipa alikuwa na shida gani mwaka ule, kisha hufuatilia picha yenyewe ilipatwa na nini baadaye: ilinakiliwa, ilifichwa, ilichomwa, au ilimpeleka mtu jela.

Chukua Peter. Mwaka 1698 alikuwa London, kijana wa miaka 25, akijifunza ujenzi wa meli, na Godfrey Kneller akamchora kwa ajili ya Mfalme William wa Tatu. Amevaa dirii la chuma na joho la manyoya meupe, na dirishani nyuma yake zinaonekana meli za kivita. Zile meli hazikuwa kumbukumbu ya chochote. Nchi yake haikuwa na hata bandari moja kwenye Bahari ya Baltiki. St Petersburg ilikuja kuanzishwa mwaka 1703. Picha ilikuwa maombi ya kujiunga na klabu ya wafalme wa Ulaya. Na kwa kuwa unapakua mtandaoni, kuwa macho: ile sura ya Peter mwenye masharubu na macho makali, inayorudiwarudiwa kila mahali, mara nyingi ni ya Mfaransa Paul Delaroche, aliyeichora mwaka 1838. Peter alikuwa kaburini zaidi ya miaka 110. Ile inatufundisha Ufaransa ya 1838 ilimwota vipi, basi.

Picha ya Peter ninayoiamini kuliko zote ni kidude cha shaba kisichozidi ukubwa wa sarafu. Mwaka 1705 aliamuru wanaume wanyoe ndevu, na asiyetaka alipe kodi: mfanyabiashara mkubwa rubo 100 kwa mwaka, mkulima kopeki moja kila anapopita lango la mji. Aliyelipa alipewa kidude hicho kama stakabadhi. Juu yake pamechorwa pua, masharubu na ndevu, bila macho na bila mwenye ndevu, na maneno: "Pesa zimepokelewa." Mtu alitembea na picha hiyo mfukoni ili asisumbuliwe getini. Sijui mchoro gani wa kifalme unaoeleza utawala kwa ufupi kuliko huo.

Wananchi nao walijibu kwa picha. Urusi ilikuwa na chapa za bei rahisi zinazoitwa lubok, zilizochongwa kwenye mbao na baadaye kwenye mabamba ya shaba, zikapakwa rangi harakaharaka na kuuzwa sokoni. Mojawapo inamwonyesha kinyozi aliyeshika mkasi akimfuata muumini wa mila za zamani mwenye ndevu zake. Nyingine, maarufu zaidi, ni "Panya wakimzika paka". Paka mkubwa amelala juu ya sleji, miguu imefungwa, na msafara mrefu wa panya unamvuta: mmoja anapiga ngoma, mwingine filimbi, wengine wamebeba vyakula vya matanga, na kila panya ana maandishi yake juu. Paka anaitwa "paka wa Kazan, akili ya Astrakhan, busara ya Siberia." Kwa Mrusi wa wakati ule huo haukuwa utani wa kubahatisha, kwa kuwa vyeo rasmi vya tsar, yaani mfalme wa Urusi, vilisomwa hivyohivyo: Tsar wa Kazan, Tsar wa Astrakhan, Tsar wa Siberia. Katika karne ya 19 wataalamu walisema paka huyo ni Peter na hayo ni mazishi yake ya 1725. Baadaye wengine wakaonyesha kwamba toleo la mwanzo ni la kabla Peter hajafa. Mimi naona waliomcheka paka hawakuhitaji awe na jina moja tu. Kila kizazi kilikuwa na paka wake.

Serikali ilielewa. Chini ya Nicholas wa Kwanza, lubok ziliwekwa chini ya udhibiti mwaka 1839, na mwaka 1851 gavana mkuu wa Moscow, Zakrevsky, akaamuru mabamba ya zamani ya shaba yaharibiwe. Chapa nyingi tunazozijua leo zimesalia kwa sababu mwanasheria mmoja, Dmitry Rovinsky, alizikusanya karatasi kwa karatasi na kuzichapisha mwaka 1881. Kidogo tungebaki na picha za ikulu peke yake.

Ukitaka kufundisha kipindi kizima kwa mtawala mmoja, chukua Catherine wa Pili. Alizaliwa mwaka 1729 akiwa binti wa ukoo mdogo wa kifalme wa Kijerumani, hana tone la damu ya Romanov, ukoo uliotawala Urusi. Juni 1762 alimpindua mumewe, Peter wa Tatu, ambaye siku chache baadaye alikuwa maiti. Mwaka uleule Mdenmaki Vigilius Eriksen akamchora juu ya farasi mweupe aitwaye Brilliant, kavaa sare ya kiume ya afisa wa walinzi, upanga uko wazi mkononi. Siku ya mapinduzi alikuwa amevaa sare ya kuazima kwa afisa mmoja. Umeona? Ni dawa ileile ya Elizabeth: asiye na haki ya damu huvaa nguo za wenye bunduki.

Miaka ishirini baadaye haogopi tena, na picha inabadilika. Mwaka 1783 Dmitry Levitsky akamchora kama mtunga sheria ndani ya hekalu la mungu wa haki. Hii ukae nayo na darasa dakika kumi nzima. Catherine amesimama kavaa nguo nyeupe inayong'aa, mkono wake umeelekea kwenye madhabahu, na juu ya moto yanaungua maua ya afyuni. Maua ya usingizi, yaani anateketeza usingizi wake ili raia walale salama. Kichwani hana taji kubwa la kifalme. Ana taji la majani. Kifuani upo utepe wa nishani ya Mtakatifu Vladimir, nishani ya utumishi aliyoianzisha mwaka mmoja kabla. Miguuni kuna vitabu vya sheria, na tai amekaa juu yake kama askari wa zamu. Kwa mbali, bahari na meli ya Urusi. Na hatubahatishi maana ya vitu hivi: Levitsky mwenyewe aliandika maelezo na kuyachapisha mwaka uleule kwenye jarida, kitu kwa kitu. Wazo, alisema, alipewa na rafiki. Picha ilikuja na mwongozo wake, kama dawa ya duka.

Halafu waulize wanafunzi mwaka 1783 kulitokea nini. Aprili, Catherine aliitwaa Krimea. Mei, alitia saini amri iliyowafunga wakulima wa upande wa Ukraine uliokuwa chini yake wasiondoke walipo, yaani wakawa mali ya wenye mashamba. Hapo nyuma, mwaka 1767, mwaka uleule alioitisha tume ya kutunga sheria mpya na kusifiwa Ulaya nzima, alipiga marufuku watu wa namna hiyo kumshtaki bwana wao kwa malkia. Kwa Kirusi waliitwa "krepostnoi". Mimi huwaita watwana, kwa sababu waliuzwa, waliwekwa rehani, waliozwa kwa amri ya bwana, na neno "mkulima" pekee linaficha hayo. Na Levitsky, aliyeshika brashi, alitoka hukohuko Ukraine, mtoto wa padri aliyekuwa mchongaji wa chapa. Simlaumu. Ninachosema ni kwamba ukimwambia mwanafunzi atazame zile nguo nyeupe huku ukimsomea amri ya Mei, hahitaji hotuba yako.

Picha ya tatu ni ya Borovikovsky, mwaka 1794. Bibi wa miaka 65 yuko bustanini Tsarskoye Selo, kavaa koti la samawati na kofia ya kawaida, mkongojo mkononi, mbwa wake mdogo mwembamba kando. Utadhani mama mwenye nyumba katoka kunyoosha miguu. Inasimuliwa kwamba hakumkalia mchoraji, mtumishi wake wa karibu ndiye aliyevaa nguo zake na kusimama badala yake, na kwamba picha hakuipenda. Watu hupumua wanapoifikia hii: hatimaye ukweli! Taratibu. Tazama nyuma yake, ng'ambo ya maji. Ule mnara ni ukumbusho wa ushindi wa majini dhidi ya Waturuki huko Chesme mwaka 1770. Bibi anapunga upepo kwenye bustani iliyopandwa ushindi.

Nje ya Urusi walimchora vingine kabisa. Baada ya Urusi, Prussia na Austria kumega sehemu ya Poland mwaka 1772, ilitoka Ufaransa chapa inayoitwa "Keki ya wafalme", kazi ya Moreau kuchora na Le Mire kuchonga. Wakubwa wanne wameizunguka ramani ya Poland iliyotandazwa kama keki. Catherine yuko kushoto. Frederick wa Prussia anaelekeza upanga wake bandari ya Danzig, Joseph wa Austria yuko naye upande mmoja. Mfalme wa Poland mwenyewe, Stanisław August, ambaye zamani alikuwa mpenzi wa Catherine na aliwekwa kwenye kiti na Catherine huyohuyo, ameshika taji lake kichwani lisidondoke. Juu angani, malaika wa sifa anapuliza tarumbeta. Nchi kadhaa zilipiga marufuku isiuzwe, na kwa hiyo ikanakiliwa kila upande. Wanafunzi wa huku hawahitaji kuelezwa ramani kukatwa na watu waliokaa mezani. Wanaijua habari ya Berlin ya 1884 na 1885.

Waingereza walikuwa wachafu zaidi. Mwaka 1791, Uingereza ilipokaribia kupigana na Urusi kwa sababu ya ngome ya Ochakov, London ilitoka chapa ya Catherine akipiga hatua moja kubwa kutoka Urusi hadi Constantinople, na chini ya gauni lake wafalme wa Ulaya na Papa wanatazama juu na kutoa maneno ambayo hutayasoma darasani. Hapo niseme wazi: picha ya adui si ukweli kwa kuwa tu imetukana. Hadithi nyingi za aibu kuhusu Catherine na wanaume zina harufu ya maduka ya chapa ya namna hii. Wanaume waliotawala na vimada kumi hawakuchorwa hivyo.

Miaka ya baadaye Waingereza walitoa moja ninayoiheshimu. Wakati wa vita vya Krimea, Nicholas wa Kwanza alisikika akisema Urusi ina majenerali wawili wa kutegemewa, Januari na Februari, yaani baridi. Akafa mwanzoni mwa Machi 1855, na kwa kalenda ya Urusi bado ilikuwa Februari. Siku chache baadaye John Leech akachora kwenye jarida la Punch kiunzi cha mifupa kilichovaa sare ya jenerali wa Kirusi, theluji inaanguka, kimeweka mkono wa barafu kifuani mwa tsar aliyelala kitandani. "Jenerali Februari amekuwa msaliti." Kibonzo kimoja, maneno ya marehemu mwenyewe.

Sasa nikupeleke mahali nilipofika kwa miguu yangu. Miaka ya themanini nilikuwa mwanafunzi Leningrad, jina la St Petersburg enzi za Kisovieti, na Jumapili za baridi niliingia makumbusho ya Hermitage kwa sababu palikuwa na joto. Ndani ya lililokuwa Jumba la Majira ya Baridi upo ukumbi mrefu wenye kuta nyekundu, umejaa majenerali walioshinda vita vya Napoleon. Picha 332, bega kwa bega, safu juu ya safu. Ulifunguliwa Desemba 1826. Mara ya kwanza nilichoka na zile nishani nikataka kutoka. Mama mmoja mzee, mlinzi aliyekaa kitini na shali yake, akanionyesha kwa kidole: fremu tupu. Zipo kumi na tatu, zimefunikwa kitambaa cha hariri ya kijani, na chini ya kila moja pameandikwa jina la jenerali. Walikufa, au hawakupatikana, na picha ya kunakili haikuwapo. Fremu zikaachwa.

Lakini pengo kubwa ni la mtu ambaye hakuachiwa hata fremu. Sergei Volkonsky alipigana vita vile na alikuwa na haki ya kuwa ukutani. Desemba 1825 alikuwa miongoni mwa maafisa waliopanga kuuwekea mipaka ufalme. Akapelekwa Siberia kazi ngumu, na picha yake ikaondolewa. Ilitundikwa mwanzoni mwa karne ya 20, yeye akiwa marehemu wa miaka mingi.

Na nani alichora zile 332? Jibu la kwenye kibao ni George Dawe, Mwingereza. Alikuwa na wasaidizi wawili, Golike na Aleksandr Polyakov. Polyakov alikuwa mtwana, mali ya jenerali mmoja aitwaye Kornilov, ambaye alimkabidhi kwa Dawe. Basi fikiria: ukumbi wa ushindi wa taifa, kazi kubwa ya kuchora imefanywa na mtu ambaye kisheria ni mali ya mmoja wa majenerali. Alinakili nyuso usiku na mchana, afya ikaharibika. Alikuja kupewa uhuru miaka ya 1830, akafariki muda mfupi baadaye.

Kuna mwingine ambaye picha ilimnunua kabisa. Taras Shevchenko, Mukraine, alizaliwa mtwana mwaka 1814 na alikuwa na kipaji cha kuchora. Bwana wake alitaka rubo 2,500 kumwachia. Mchoraji maarufu Karl Bryullov akachora picha ya mshairi Zhukovsky, mwalimu wa mrithi wa kiti, picha ikachezeshwa bahati nasibu, na familia ya tsar wakanunua tiketi. Pesa zikatimia, na mwaka 1838 Shevchenko akawa mtu huru. Miaka tisa baadaye akakamatwa. Miongoni mwa makosa yake lilikuwa shairi lililowakejeli tsar na malkia. Akatupwa jeshini mbali kama askari wa kawaida, na kwenye hukumu Nicholas akaongeza kwa mkono wake mwenyewe: asimamiwe vikali, apigwe marufuku kuandika na kuchora. Mfalme aliyetundika majenerali 332 ukutani aliogopa penseli ya mtu mmoja.

Mwisho wa ufalme nao una picha zake, na hapa nitakwenda mbio kidogo kwa kuwa nyingi zinapatikana kirahisi. Januari 1905 askari waliwapiga risasi waandamanaji St Petersburg. Mchoraji Valentin Serov aliona mashambulizi hayo kutoka dirisha la Chuo cha Sanaa. Huyu ndiye aliyemchora Nicholas wa Pili mwaka 1900, kavaa koti la kawaida la kijeshi, mikono mezani, macho ya mtu mpole aliyechoka; picha nzuri kuliko zote za tsar huyo. Baada ya siku ile alijitoa kwenye Chuo. Miezi michache baadaye tsar akatoa tangazo la Oktoba lililoahidi uhuru, na wahariri wakaanza kulipima. Nikolai Shebuev akalichapa tangazo lote kwenye jarida lake na juu yake alama ya kiganja chenye damu, na maelezo kwamba Jenerali Trepov, aliyesimamia polisi, "ametia mkono" kwenye waraka huu. Kwa Kirusi, kama kwa Kiswahili, kutia mkono ni kuweka saini. Akafungwa.

Ivan Bilibin, ambaye watoto wa Urusi wanamjua kwa picha za ngano, alifanya kwa utulivu zaidi. Mwaka 1906 alichora fremu ya kifalme, imejaa mapambo ya nembo ya Romanov, kila unyoya umechorwa kwa uangalifu. Ndani ya fremu, mahali pa uso mtukufu, akaweka punda. Chini yake maandishi makavu kama ya kitabu cha biolojia: punda, kipimo cha sehemu moja ya ishirini ya ukubwa halisi. Alikamatwa siku moja, na jarida likafungwa. Polisi nao walijishtaki, maana iliwabidi kwanza wakiri kwamba wamemtambua aliye kwenye fremu.

Ile picha ya Serov ilitobolewa kwa singe mwaka 1917 wakati Jumba la Majira ya Baridi lilipovamiwa. Tunayoiona leo Tretyakov ni nakala aliyoifanya Serov mwenyewe.

Kwa somo lako, mwalimu, usibebe picha kumi. Beba ya Levitsky na ile ya keki ya Poland, uziweke pamoja, ukiwa na amri ya Mei 1783 kwenye karatasi. Kipindi kitakwisha kabla ya maswali. Na ya Grooth irudishe wiki ijayo, maana wanafunzi bado wanasubiri jibu. Unapoichapa angalia nafasi: ukiibana iingie pembeni mwa notisi zako, wa kwanza kukatwa atakuwa yule mtoto.